Reli ya Zamani Kando ya Ziwa Annecy

Julai 20, 2013, kijana aliyezaliwa Nairobi alipanda mlima Semnoz, kusini mwa mji wa Annecy, akiwa amevaa jezi ya njano. Chris Froome hakushinda siku ile. Nairo Quintana wa Colombia alimtangulia kileleni, Joaquim Rodríguez wa Hispania akafuata, na Froome akamaliza wa tatu. Lakini hesabu za majuma matatu zilikuwa zimeshakamilika. Kesho yake aliingia Paris akiwa mzaliwa wa kwanza wa bara la Afrika kutwaa Tour de France, na mashindano yenyewe yalikuwa ya 100 tangu yaanzishwe. Kule Kikuyu, nje kidogo ya Nairobi, ndiko David Kinjah alikomfundisha kuendesha baiskeli kwa ushindani.

Semnoz ni mlima wa watu wenye mapafu ya chuma. Kilomita 10 na ushei za mwisho zina mwinuko wa zaidi ya asilimia nane, na msafiri wa kawaida hana ugomvi nao. Ila ukisimama kwenye mteremko wake ukatazama chini, unaona kitu ambacho kamera za televisheni hukipita haraka: ziwa la rangi ya feruzi, refu kwa kilomita 14 na zaidi, limebanwa na milima pande zote. Kwenye ufuko wa magharibi kuna njia nyembamba ya lami isiyopita gari hata moja. Ninaiandika makala hii kwa ajili ya njia hiyo.

Treni haiwezi mlima mkali. Wahandisi waliochora reli ya kutoka Annecy kwenda Albertville, iliyofunguliwa mwaka 1901, walilazimika kukwepa kila mwinuko, kutoboa mwamba pale usipokwepeka, na kupinda kona taratibu ili injini za mvuke zisishindwe. Treni za abiria ziliacha kupita kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, za mizigo nazo zikakoma miongo kadhaa baadaye, na vyuma vikang'olewa. Likabaki tuta lililosawazishwa kwa jasho la watu wengi, likiota majani. Lilipowekwa lami, mtoto wa darasa la pili na bibi yake wakawa na mahali pa kuendesha bega kwa bega bila hata mmoja kuhema.

Ufaransa imefanya hivyo kwingi. Njia ya kwanza ya aina hii ilifunguliwa mwaka 1997 huko Burgundy, kilomita 44 kutoka Givry hadi Cluny, ambako yamebaki mabaki ya abasia iliyoanzishwa mwaka 910. Kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote katika Ukristo hadi lilipojengwa Basilika la Mtakatifu Petro la sasa mjini Roma. Mwaka 2004 sheria za barabarani za nchi hiyo zikazitambua rasmi njia hizi na kuzifungia vyombo vya moto: ni za vyombo visivyo na injini kama baiskeli, waenda kwa miguu na wapanda farasi. Zote zina raha yake. Kwa maoni yangu, hata hivyo, hakuna inayoizidi ya Annecy, na mandhari ni sehemu tu ya sababu. Karibu kila kitu kizuri utakachokiona humo kiliwahi kufika ukingoni mwa kupotea, na wakatokea watu waliokizuia.

Anza mjini, na usiwe na haraka ya kupanda baiskeli. Katika mji wa kale wa Annecy ni bora kuisukuma kwa mkono, kwa kuwa vichochoro ni vyembamba, mawe ya sakafu yanateleza, na siku za soko watu ni wengi mno. Mto Thiou, ambao ndio mlango wa maji yanayotoka ziwani, umepita katikati ya nyumba. Juu ya mwamba ndani ya mto huo kuna jengo la mawe lenye ncha iliyochongoka mbele, Palais de l'Île, lililoanza kujengwa karne ya 12. Lilitumika kwa zamu mbalimbali kama makazi ya wakuu, mahakama, mahali pa kutengenezea sarafu na, kwa muda mrefu zaidi, gereza. Mwaka 1900 serikali ililiweka kwenye orodha ya majengo ya kihistoria, na leo ndilo linalopigwa picha kuliko jengo lolote mjini hapo.

Hatua chache kutoka hapo, katika ua wa iliyokuwa nyumba ya askofu, kuna uzio mdogo wa rangi ya dhahabu ambao wageni wengi huupita bila kuutambua. Siku ya Jumapili ya Matawi mwaka 1728, kijana mtoro wa miaka 15 kutoka Geneva alikutana hapo na Bi. de Warens, mwanamke aliyemhifadhi, akamsomesha, na kuyabadili maisha yake. Kijana huyo alikuwa Jean-Jacques Rousseau. Uzeeni, katika kitabu chake cha maungamo, alitamani mahali pale pazungushiwe uzio wa dhahabu. Mji wa Annecy ulimtimizia mwaka 1928, miaka 200 kamili baada ya siku ile.

Mwenyeji mwingine wa Annecy anatuhusu sisi wa magazeti moja kwa moja. Fransisko wa Sales alikuwa Askofu wa Geneva, lakini Geneva ilikuwa mikononi mwa Waprotestanti, hivyo akalazimika kuishi hapa. Kabla ya uaskofu, alipotumwa kuhubiri eneo la Chablais ambako watu waliogopa hata kuja kumsikiliza, aliandika vikaratasi na kuvisambaza majumbani. Kwa sababu hiyo Papa Pius XI alimtangaza mwaka 1923 kuwa mtakatifu msimamizi wa waandishi wa habari. Masalia yake yamehifadhiwa katika Basilika la Visitation, kwenye kilima juu ya mji. Wapo maelfu ya vijana wa Tanzania na Kenya waliojifunza useremala, umeme na uchapaji katika vyuo vya Don Bosco. Mapadri wanaoviendesha huitwa Wasalesiani kwa heshima ya askofu huyu wa Annecy.

Sasa panda baiskeli. Ukitoka mjini kuelekea kusini, ziwa likiwa mkono wa kushoto, kijiji cha kwanza kikubwa ni Sevrier, makao ya ukoo wa Paccard, wanaosubu kengele tangu mwaka 1796. Kengele kubwa ya Basilika la Sacré-Cœur jijini Paris, yenye uzito wa zaidi ya tani 18, ilisubiwa na ukoo huu katika miaka ya 1890, wakati karakana yao ilipokuwa Annecy-le-Vieux, upande wa pili wa mji. Kuna makumbusho ya kengele hapo Sevrier, na mtu mwenye watoto asiyapite.

Kilomita chache mbele ni Saint-Jorioz. Ukipita kwa gari ni kijiji kama vingine, chenye duka la mikate, kanisa na bustani za maua. Aprili 1943 kilikuwa makao ya mtandao wa siri wa Uingereza uliopambana na wavamizi wa Kijerumani na Kiitalia. Mmoja wa watu wake alikuwa Odette Sansom, mama wa watoto watatu, mzaliwa wa Ufaransa. Usiku mmoja alipanda ule mlima Semnoz, gizani na penye theluji, kumpokea mwenzake Peter Churchill aliyeshushwa kwa parachuti kutoka kwenye ndege. Usiku uliofuata wakakamatwa wote wawili katika hoteli ya kijiji. Odette aliteswa, hakumtaja mtu, akapelekwa kwenye kambi ya Ravensbrück, akatoka akiwa hai. Mwaka 1946 Uingereza ikamtunuku nishani ya George Cross. Ukijua habari hii, mlima ule unaouona juu ya bega lako la kulia haukai tena kimya kama mapambo.

Halafu njia inafika Duingt, ambako mlima unasogea hadi majini na wahandisi wa reli walikosa pa kupita. Wakatoboa. Handaki si refu, hata mita 200 halifiki, lakini ndilo mahali ambapo kila mtu hupunguza mwendo. Kiangazi, jasho likiwa limelowesha mgongo, unaingia na kukutana na ubaridi wa jiwe usiolijua jua. Taa zimepangwa ukutani, mawe ya ukuta yana unyevu, na sauti ya mnyororo unaozunguka inarudi kwako kutoka kwenye dari ikiwa imekuzwa. Watoto hupiga kelele ili wausikie mwangwi, na watu wazima hugonga kengele za baiskeli kwa kisingizio cha usalama. Ukitokea upande wa pili, kasri la Duingt limekaa kwenye rasi yake, maji pande tatu, mahali ambapo ziwa linabanwa na kugawanyika kuwa ziwa kubwa na ziwa dogo.

Egesha baiskeli hapo, shuka hadi majini, uingize mkono. Utaziona kucha zako na kila kokoto chini yake. Maji haya, baada ya kusafishwa, ndiyo yanayotoka kwenye mabomba ya wakazi wa Annecy. Lakini kuna wakati ilikuwa imebaki kidogo ziwa liharibike. Baada ya vita, miji na hoteli zilikuwa zikimwaga majitaka yao moja kwa moja ziwani, mwani ukastawi, na wavuvi wakaona samaki wanaohitaji maji safi wakipungua. Daktari mmoja mpenda uvuvi, Paul-Louis Servettaz, alipiga mbiu akiwa na wenzake wachache, na mwanzoni hawakusikilizwa na wengi. Hatimaye, mwaka 1957, halmashauri za kando ya ziwa ziliunda umoja, zikakubaliana jambo gumu: kujenga bomba kuu kulizunguka ziwa zima, likusanye majitaka ya kila kijiji na kuyapeleka kwenye mtambo wa kusafishia uliojengwa ng'ambo ya mji, ambako mto unayachukua maji kwenda mbali na ziwa.

Fikiria maana yake. Mwaka 1957 hapakuwa na wizara ya mazingira Ufaransa, wala sheria ya kuwalazimisha. Kazi ilichukua miaka mingi na fedha nyingi zilizozikwa ardhini, mahali ambapo mpiga kura hazioni. Kila halmashauri ingeweza kusema uchafu wake ni mdogo na wa jirani ndio mkubwa. Hawakusema hivyo. Leo ziwa hili linatajwa miongoni mwa maziwa safi kabisa barani Ulaya, na hoteli, wavuvi, wauza aiskrimu na wakodishaji wa baiskeli wote wanakula kutokana na uamuzi ule. Mimi nilipoisoma habari ya bomba hili nilikoma kuliita ziwa la Annecy zawadi ya maumbile. Maumbile yalilileta, watu wa vijiji hivi ndio waliolirudisha.

Baada ya Duingt, ziwa linaishia Doussard, penye hifadhi ya matete na misitu ya maji ambamo biva wa Ulaya hujenga makao yao ukingoni mwa vijito. Anayetaka mzunguko wa ziwa tu, kilomita 40 na kidogo kwa jumla, anageukia kushoto hapo. Mwenye siku nzima aendelee na reli ya zamani kupitia Faverges hadi Ugine, kilomita 30 na zaidi kutoka alikoanza, kisha Albertville, mji wa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya mwaka 1992. Albertville yenyewe ni mji wa kisasa usio na mengi. Panda juu kidogo hadi Conflans, mji wake mama, wenye malango ya mawe na uwanja unaotazama mito ya Isère na Arly ikikutana.

Ufuko wa mashariki una tabia nyingine. Hapa hapakuwahi kupita reli, kwa hiyo barabara inapanda na kushuka, na magari yapo. Lakini Talloires inastahili jasho hilo. Mwaka 1896 Paul Cézanne alikaa hapa na familia yake mapumzikoni, akachora kasri la Duingt kutoka ng'ambo, mti mzito mbele na maji ya bluu na kijani yakiwa yamesimama wima kama vioo. Mchoro huo uko London, katika jumba la sanaa la Courtauld. Simama ufukweni ukalitafute kasri kwa macho. Utaona jinsi alivyolisogeza karibu na kuifanya milima kuwa mizito kuliko ilivyo. Kijiji hiki ndicho pia alikozaliwa, mwaka 1748, mkemia Claude-Louis Berthollet, aliyegundua jinsi ya kuitumia klorini kung'arisha vitambaa. Dawa ya kuondolea madoa kwenye mashuka meupe, iliyopo leo karibu kila nyumba kutoka Bujumbura hadi Mombasa, asili yake ni kazi ya huyu mtoto wa Talloires.

Ukiwa na miguu yenye nguvu, kata kutoka hapa kuelekea mabonde ya Thônes. Kwenye bonde la Morette kuna makaburi 105, yamepangwa safu kwa safu chini ya jabali na maporomoko ya maji. Wengi waliozikwa hapo ni wapiganaji dhidi ya uvamizi wa Kijerumani katika uwanda wa Glières, walioupanda mwanzoni mwa mwaka 1944 ili wapokee silaha zilizodondoshwa na ndege za Waingereza. Miongoni mwao walikuwamo Wahispania waliokimbia utawala wa Franco, wakafia uhuru wa nchi isiyo yao. Machi mwaka huo uwanda ulizingirwa na kushambuliwa. Soma umri kwenye misalaba: wengi hawakuwa wametimiza miaka 25.

Bonde hilohilo ndilo la jibini la reblochon, laini, lenye ganda la rangi ya chungwa. Wazee husimulia kwamba mkulima alilipa kodi kwa kiasi cha maziwa, basi siku ya mwenye shamba kuja kupima, ng'ombe hawakukamuliwa hadi mwisho. Mgeni akishaondoka walirudi na ndoo kukamua yaliyobaki, machache lakini yenye mafuta mengi, na hayo ndiyo yaliyogandishwa kuwa jibini. Nunua kipande na mkate, ule kando ya njia. Migahawa mingi ya vijijini hufungua jiko saa sita mchana na kulifunga saa nane, na atakayefika baadaye ataambulia kahawa.

Kuna ziwa la pili, na kulifikia si kazi: treni za mkoa hubeba baiskeli kutoka Annecy hadi Aix-les-Bains. Hilo ni Bourget, ziwa la asili kubwa kuliko yote yaliyo ndani ya mipaka ya Ufaransa pekee, lenye kina cha mita 145. Aix ni mji wa chemchemi za moto tangu enzi za Warumi, na Malkia Victoria wa Uingereza aliupenda akautembelea mara tatu kati ya mwaka 1885 na 1890. Upande wa magharibi kuna Mont du Chat, mlima ambao Tour de France ya 2017 iliupita na kuwaangusha waendeshaji hodari. Mwachie Froome na wenzake.

Kaskazini mwa ziwa hilo ni Chanaz, kijiji cha mfereji, maua madirishani na kinu cha maji kinachokamua mafuta ya jozi. Mfereji wa Savières unapita katikati yake, ukiliunganisha ziwa na mto Rhône. Kwa kawaida maji hutoka ziwani kwenda mtoni. Rhône ikifurika, mkondo hugeuka, na mto ukaanza kumwaga maji yake ziwani, hivyo ziwa likapokea mafuriko ambayo yangeishukia miji iliyo chini. Hapa unakutana pia na ViaRhôna, njia ya baiskeli inayoufuata mto huo kutoka Ziwa Geneva hadi Bahari ya Mediterania, kilomita zipatazo 815, na wengi wanaofunga mizigo yao kwenye keria asubuhi hapo Chanaz wako safarini kuelekea baharini.

Kabla ya kuwafuata, vuka kwa boti kutoka Aix hadi abasia ya Hautecombe, iliyojengwa ukingoni kabisa mwa maji tangu karne ya 12. Ndiko walikozikwa wakuu wa ukoo wa Savoy, watawala wa nchi hii yote kabla haijaingia Ufaransa mwaka 1860. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa abasia ilichukuliwa, ikageuzwa kiwanda cha vyombo vya udongo, makaburi yakavunjwa. Mwaka 1824 mfalme Charles-Félix wa ukoo huo alianza kuijenga upya, na mwenyewe akazikwa humo. Wa mwisho kuzikwa kati ya wafalme alikuwa Umberto II, aliyetawala Italia kwa mwezi mmoja na siku chache mwaka 1946, hadi ufalme ulipofutwa kwa kura ya wananchi. Alifia uhamishoni mwaka 1983.

Njia rahisi ya kufika Annecy ni kupitia Geneva, ambako ndugu zetu wengi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa wanaishi, na basi la kutoka hapo huchukua kama saa moja hivi. Baiskeli, hata za umeme, zinakodishwa jirani na stesheni; watoto walio chini ya miaka 12 wanalazimika kisheria kuvaa helmeti. Julai na Agosti njia hujaa, hasa Jumapili, na Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi bora. Mwaka 2027 ni mwaka wa pekee: baada ya Kigali kuwa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa ubingwa wa dunia wa baiskeli za barabarani mwaka 2025, zamu ya 2027 ni ya mkoa huu wa Haute-Savoie. Anayetaka kuwashangilia waendeshaji wa Rwanda, Eritrea na Uganda kwenye milima hii atafute malazi mapema, na asiache kutenga siku moja ya kuendesha mwenyewe kutoka Annecy hadi Doussard.